Mgeni wa Nyumba ya Saba

Salamu yake ilikuwa swali. Watu wengine wa Gasenyi, mtaa wetu wa kilimani, hukuuliza umeamkaje. Yeye alikuuliza mmelala wangapi. "Kwako mulilala wangapi?" Aliuliza hivyo getini asubuhi, aliuliza hivyo msibani, na siku moja aliniuliza hivyo kwenye foleni ya benki, mbele ya watu wasionijua, nikajibu "wawili" kwa sauti ndogo kama mtu anayeungama. Alikuwa mkuu wa nyumba kumi, cheo ambacho kwetu hutamkwa kwa pumzi moja, nyumbakumi, kama jina la ugonjwa. Kazi yake ilikuwa kujua nani yuko na nani ni mgeni. Wengine walioshika cheo hicho kabla yake waliifanya kazi hiyo kwa kununa. Yeye aliifanya kama mwenye nyumba anayepanga sahani mezani na kuogopa zisitoshe.

Jina lake sitaliandika. Hata mtaani halikutumika. Mkewe mwenyewe alimwita Nyumbakumi, na cheo hicho kikifutwa kesho itabidi wamtafutie jina upya. Alizaliwa wapi na nani alimzaa, sijui vya kutosha, na mambo nisiyoyajua nimezoea kuyaandikia chuoni, si hapa.

Ukipanda kilima kutoka barabara kubwa, nyumba yangu ilikuwa ya sita na yake ya saba. Kati yetu kulikuwa na ukuta mfupi ambao aliuegemea kila jioni kwa viwiko, kama mtu aliyefika kaunta na kukuta mhudumu hayupo. Aliniita Profesa. Mimi si profesa. Ni mwalimu msaidizi, cheo ambacho nimekikalia muda mrefu hadi kimechukua umbo langu. Mara ya kwanza nilimrekebisha.

"Profesa ni mutu gani?" aliniuliza.

Nikaanza kumweleza ngazi za chuo, tasnifu, makala, kamati.

"Umeona?" alisema. "Mi nimeuliza kidogo, we umejibu murefu. Uko Profesa."

Kazi yake ya mchana ilikuwa viti vya magari. Alikuwa na karakana Buyenzi, kwa Waislamu wa zamani wa mjini, waliko ndugu zake na uliko msikiti wake. Huko alivivua viti nguo zao chakavu na kuvivisha simili, ile ngozi ya bandia inayonata mgongoni saa sita mchana. Mabaki aliyapandisha Gasenyi, na polepole nyumba yake ikawa kama teksi kubwa kwa ndani: vigoda vya simili, redio yenye koti la simili, mto wa simili ambao hakuna aliyeweza kuulalia bila kuteleza. Kuku wake aliyevunjika mguu alifungwa simili nyeusi, akapona, akawa anatembea uani kama mtu mwenye buti jipya.

Namna alivyopata uongozi ni hadithi yetu Wakristo zaidi kuliko yake. Katika nyumba zile kumi tulikuwemo Wakatoliki, Wapentekoste na Waadventisti, na kila upande ulikuwa tayari kuongozwa na mtu yeyote isipokuwa wa upande mwingine. Akabaki yeye. Alipoulizwa kama anakubali, alisema anakubali kwa sharti moja: mtu asimweleze tena tofauti zetu, maana alikuwa ameelezwa mara nyingi na kila mara alielewa kinyume.

Alikuwa na kanuni moja ambayo nilidhani ni ya dini yake mpaka nikagundua ni yake binafsi. Mtu akilala kwako, hata usiku mmoja, ziara hiyo unadaiwa. Lazima siku moja uende kwake. Muuza pampu za maji mmoja alikwama kwake kwa sababu ya gari bovu. Miezi ikapita, na Nyumbakumi akapanda basi hadi Ngozi, akamkuta yule bwana hayupo, akakaa sebuleni kwa watu, akanywa chai, akaacha kilo moja ya sukari, akarudi. Nilimuuliza kama safari ile haikuwa hasara.

"Hasara gani? Nimefika."

"Lakini hukumwona."

"Yeye hakuwepo. Mi nilikuwepo."

Nisije nikamfanya malaika. Ngazi yangu aliiazima na hadi leo sijaiona. Alilalamika juu ya watu wanaoficha wageni, na wakati huohuo shemeji yake alikaa kwake karibu miaka miwili, na kila nilipomuuliza alijibu, "Anapita tu." Alikuwa mkali juu ya picha. Ukutani kwake hapakuwa na hata picha ya babu. Kalenda aliyopewa na duka la vipuri ilikuwa na ng'ombe. Alimkata ng'ombe kwa mkasi, akabakiza tarehe. Lakini mechi za mpira alizitazama kwangu, kwenye runinga, akiwatukana wachezaji kwa majina, na sikuwahi kumwona akidai mkasi.

Sasa nieleze juu ya sanamu.

Jumuiya yetu ya Wakatoliki wa kilimani ilikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, ya plasta, buluu na nyeupe, urefu wa mkono. Ilisemekana ni nakala ya yule wa Mugera, kule milimani, ambako kila tarehe kumi na tano Agosti nusu ya nchi hupanda kuhiji. Nimewaona wote wawili. Wanafanana kama mabinamu. Sanamu yetu haikuwa na kwake. Ilipokezanwa nyumba kwa nyumba, wiki moja kila familia, na kila Jumapili baada ya misa ilihamishwa kwa nyimbo. Kiongozi wa jumuiya alikuwa mama mmoja muuza vitambaa tuliyemwita Prezidante, mtu ambaye angeweza kupigia vigelegele hata ndoo mpya.

Mara ya kwanza sanamu ilipofika zamu yangu, Prezidante alifanya jambo la heshima: alimpigia simu Nyumbakumi kumjulisha. "Mzee, Jumapili Bikira atalala kwa Profesa. Wiki nzima." Msomaji asiye wa mji wetu ajue kwamba kwetu sista wa kanisa anaitwa mubikira. Kwenye simu mbovu, katikati ya nyundo za Buyenzi, ile "mu" ni rahisi kujiongeza yenyewe. Na mke wangu wakati huo alikuwa akifundisha Gitega, akirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo alichosikia Nyumbakumi ni kwamba mtawa atalala wiki nzima kwa mwanamume ambaye mkewe hayupo.

Jumapili hiyo, mara baada ya sala ya magharibi, aliingia kwangu na kanzu iliyopigwa pasi na mkeka chini ya kwapa. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Asha, na chungu cha ndagala, dagaa wa ziwani. Alikaa kwenye kiti kinachotazama korido.

"Profesa, kwako mulilala wangapi?"

"Peke yangu, Mzee."

"Na leo mutalala wangapi?"

"Peke yangu. Na Bikira."

Alifumba macho kidogo. "Mi nimekuja kulala hapa," alisema. "Na mama Asha naye. Watu wasiseme."

"Wasiseme nini?"

"We umesoma. Utajua."

Nilidhani amekuja kukesha kwa heshima ya Bikira Maria, na nikaguswa. Mimi ndiye niliyeandika tasnifu juu ya maana ya sanamu katika makanisa ya milimani, na hakuna aliyewahi kuja kwangu jioni na mkeka kuisikiliza. Nikaanza kumweleza jinsi Mariamu anavyoheshimiwa hata katika Uislamu. Alisikiliza kwa adabu, macho kwenye korido.

"Ni kweli," alisema. "Kwetu iko na sura nzima." Kisha, kwa sauti ya chini: "Yeye iko anapika?"

"Nani?"

"Mubikira."

"Huyu hapa," nikamwonyesha kabati la vyombo.

Alilitazama kabati. Akainama akatazama chini yake. "Wapi?"

"Mbele yako, Mzee."

Alijiinua polepole. "Profesa," alisema, "mi nauliza mutu, we unanionesha plasta."

Mama Asha alianza kucheka kwanza. Ilibidi aweke chungu chini ili acheke vizuri. Halafu akaacha ghafla, akasogea kabatini, akanyoosha kitambaa cha kufuma kilichokuwa chini ya sanamu.

"Ni ule wa Mugera," alisema.

"Unamujua?" mumewe akauliza.

"Nilienda kwake nikiwa mutoto. Na mama."

Tulikula ndagala. Walipokuwa wakiondoka, Nyumbakumi alisimama mlangoni, akageuka kwenye kabati, na bila mzaha wowote akasema, "Basi, karibu Gasenyi." Kuanzia siku hiyo mtaa mzima uliiita sanamu ile Mgeni, hata Wapentekoste, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuiita chochote.

Yeye aliifanya sehemu ya kazi yake. Kila baada ya kuhama, alipita kuuliza Mgeni amelalaje. Nilimjibu kwamba hajalalamika. Alipomwona Prezidante akihamisha sanamu mgongoni ndani ya kitenge, alikasirika kweli. "Mama muzima habebwi mugongoni," alisema, na baada ya wiki alileta sanduku la mbao alilolivisha ndani simili nyekundu, yenye sifongo, iliyotoka kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Katikati alishona mkanda wa usalama wa gari, na kifungo chake, upite kiunoni mwa sanamu. Baadhi ya akina mama walinung'unika kwamba Mama wa Mungu hawezi kusafiri amefungwa mkanda.

"Ile barabara yetu muliiona?" aliwauliza. Wakalibeba sanduku.

Karakanani kwake walimcheka. Nilikuwepo siku moja, nimepeleka kiti changu cha kusomea kilichopasuka, rafiki yake wa gereji ya jirani alipomchokoza:

"Nyumbakumi, nasikia kwenu munakaribisha mugeni wa plasta."

"Afazali yeye kuliko shemeji yangu," alijibu bila kuinua macho kwenye mshono. "Yeye hakuli."

Lakini kwake sanamu haikuingia. Kutoka nyumba ya sita ilikwenda ya nane. Hakuna aliyelijadili jambo hilo. Lilikuwa wazi kama jua. Maandamano yalitoka kwangu na nyimbo, yakifika kwenye geti lake yalishusha sauti kwa heshima, yakiondoka yalipandisha tena, na mtu aliyekuwa mbali angedhani tunapita kwenye handaki. Na kila mara, Mama Asha alisimama getini, mkono kwenye komeo, akitazama sanduku likipita. Nyuma yake alisimama mumewe na redio.

Mama Asha alikuwa Mwislamu tangu alipoolewa, na si kwa jina. Alifunga Ramadhani kwa ukali zaidi kuliko mumewe, ambaye mchana wa mfungo alikuwa na tabia ya kwenda kulala ili saa ziende. Lakini alizaliwa kwenye kilima kinachotazamana na Mugera. Jioni moja, mumewe akiwa bado mjini, alinieleza kupitia ule ukuta mfupi, mikono yake ikichambua maharagwe.

"Mama alinishika mukono, tukasimama karibu kabisa. Akasema, mwaka kesho tutarudi. Akakufa mbele ya mwaka kesho."

"Na hukurudi?"

"Narudi na nani? Nikaolewa." Alipuliza maganda. "Profesa, mi sitaki kuwa Mukristo tena. Usimwambie Prezidante kama nataka, atanipigia kelele. Nataka kusimama pale tu. Na hii miguu," aliinua kanga kidogo, nikaona jinsi ilivyovimba juu ya malapa, "nataka kufika ingali inasimama."

Alikuwa na kisukari. Kila mwaka miguu ilibeba kidogo kuliko mwaka uliopita.

Nilimgusia mumewe. Sikuwa na busara. Nilimwambia kama mtu anayesoma ripoti ya kamati. Alinisikiliza, viwiko ukutani.

"Najua," alisema. "Anasema hata akilala."

"Basi mpeleke."

"We hujui watu. Msikitini watasema kidogo, halafu watachoka. Siogopi wao. Naogopa Prezidante. Siku ataniona Mugera, atapiga vigelegele mpaka Kongo wasikie. Atasema, tumemupata." Akatoa viwiko ukutani. "Mi sijapotea, Profesa. Mutu hapatikani kama hajapotea."

Nilimwambia nitafikiri. Huo ndio msaada ninaoutoa mara nyingi.

Kilichotokea baadaye kilitokana na mvua. Ilikuwa Jumapili ya masika, na zamu ya kuhamisha kutoka kwangu. Sanduku nililibeba mimi, kwa kuwa nilikuwa mrefu na sikujua kuimba. Tulipotoka tu, mvua ikashuka kilimani kama iliyokuwa ikitungoja. Kati ya nyumba ya saba na ya nane kulikuwa na korongo dogo ambalo siku nyingine watoto walilivuka kwa kuruka. Sasa lilikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Prezidante alisema tukimbie turudi, lakini njia ya kurudi nayo ilikuwa imeanza kuteleza. Tukajibanza chini ya ukingo wa paa la geti lake. Nililifunika sanduku kwa koti langu. Plasta ikilowa hubadilika kuwa unga, hilo nililijua hata bila tasnifu.

Geti likafunguliwa.

"Profesa, unafanya nini inje na mugeni?"

"Tunapita, Mzee."

"Na mvua hii?"

Alimtazama mkewe, aliyekuwa nyuma yake mlangoni. Mama Asha alikuwa akilitazama koti langu na maji yanayotiririka juu yake.

"Ingieni," alisema Nyumbakumi.

Nilitaka kuliacha sanduku barazani. "Baraza inavuja," alisema, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeijenga. Akaondoa vitambaa kwenye meza yake ya cherehani, nikaliweka hapo, chini ya ile kalenda isiyo na ng'ombe. Kisha akamgeukia Prezidante, aliyekuwa tayari amevuta pumzi.

"Hakuna nyimbo," alisema. "Hakuna mishumaa. Analala tu."

"Analala tu, Mzee," alisema Prezidante, na akaitoa ile pumzi polepole, bure.

Mvua haikukatika mpaka giza. Watu waliondoka mmoja mmoja wakizunguka kwa juu. Korongo halikuvukika, na sanduku likabaki. Asubuhi nilikwenda kulichukua. Nilimkuta getini na mswaki, na kwa mara ya kwanza katika miaka yetu ya ujirani nilimtangulia kwa swali.

"Mzee, kwako mulilala wangapi?"

Alisukutua mdomo, akatema, akafikiri. Watoto wao walikuwa wakubwa na walikwishahama. Hata shemeji alikuwa amemaliza kupita.

"Watatu," alisema.

Ndani, Mama Asha alikuwa ameshaifunga sanamu mkanda. Uso wake wa plasta ulikuwa umepanguswa vumbi la miaka, hata nikaona kwamba ana kidevu.

Jumuiya haikuongeza wala kupunguza kitu juu ya jambo lile. Zamu zangu zilizofuata sanamu ilitoka ya sita ikaenda ya nane kama kawaida. Lakini ndani ya nyumba ya saba kulikuwa na jambo jipya, na nililisikia kwa masikio yangu, wiki kadhaa baadaye, tukinywa chai kwenye vile vigoda vinavyonata. Mama Asha alikuwa akimimina. Hakumtazama mumewe.

"Ule mugeni alilala hapa," alisema. "Na sisi kwake hatujaenda."

Nyumbakumi aliweka kikombe chini. Mtu aliyekwenda hadi Ngozi kwa ajili ya muuza pampu hakuwa na mahali pa kujificha. Kanuni ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeitangaza mtaa mzima.

"Tutaenda," alisema.

"Lini?"

"Mwaka kesho."

Mama Asha aliendelea kumimina mpaka chai ikafurika kwenye sahani. Neno hilo alikwishalisikia, kwa mdomo wa mama yake.

Mwaka uliofuata petroli ilikosekana mjini, na magari yalilala kwenye foleni kama watu. Hilo halikuwa kosa lake. Mwaka mwingine binti yao Asha aliolewa Agosti ileile. Kisha Mama Asha akakatwa kidole cha mguu, na daktari akasema kilima cha Gasenyi kinamuua. Wakauza nyumba, wakahamia Kanyosha kwa binti yao, kwenye ardhi tambarare, karibu na zahanati. Siku ya kuhama nilisaidia kubeba vigoda. Nilimuuliza kuhusu ile ziara, nikajifanya nimelikumbuka jambo hilo kwa bahati.

"Ile deni liko," alisema, na akaendelea kufunga kamba.

Nyumbani kwake akaingia mhasibu, Mkatoliki safi, na sasa sanamu inapita sita, saba, nane bila kushusha sauti. Tumepata nyumbakumi mpya, kijana mwenye simu, anayeuliza tumelala wangapi kwa ujumbe mfupi. Tunajibu kwa tarakimu.

Agosti iliyopita nilikwenda Mugera. Wenzangu chuoni niliwaambia ni utafiti. Ukweli ni kwamba mke wangu alinunua tiketi mbili. Tulipanda milima ya Bugarama kwenye ukungu, basi zima likisali rozari na kununua karoti dirishani kwa wakati mmoja, na tulipofika palikuwa na baridi, moshi wa kuni, na watu wengi kuliko nilivyopanga kuvumilia. Mke wangu akaenda kuungama. Mimi nikasimama pembeni na kijitabu changu, nikitazama ishara.

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa sanamu. Kilikuwa kigoda cha simili nyekundu, kimesimama kwenye majani katikati ya umati, na juu yake amekaa Mama Asha, na mtandio mrefu mweupe uliofika magotini. Kando yake, na kanzu na koti zito la baridi, mfuko wa karatasi mkononi, alisimama yeye.

"Profesa," alisema, kama tulioachana jana ukutani. "Hapa mulilala wangapi?"

"Tumefika leo, Mzee. Na nyinyi?"

"Tumelala kwa dada yake, kilima cha pili. Wanane." Alishusha sauti. "Hatukuja kusali. Tunarudisha ziara."

"Naelewa."

"Waambie na wengine."

Foleni ya kwenda karibu na sanamu ilikuwa ndefu, na Mama Asha hakuweza kusimama muda wote huo. Ndiyo maana ya kigoda. Wakikaribia hatua chache, anakaa tena. Walikuwa wakisonga hivyo tangu alfajiri. Ndipo msichana mmoja mwenye utepe begani, wa kupanga watu, alipomwona mama yule wa mtandio mweupe ameketi chini ya jua.

"Mubikira," alimwita kwa heshima, "usikae hapa. Pita mbele. Watu, mupishe mubikira."

Watu wakapisha. Njia ikafunguka mpaka mbele kabisa. Mama Asha alimtazama mumewe. Na mimi nilimtazama, kwa sababu huyu alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakuacha mgeni aandikwe vibaya. Alitazama viatu vyake. Akainama, akashika kigoda.

"Amka, mama Asha," alisema. "Wamekuita."

Tulimshika, yeye upande mmoja na mimi mwingine, mpaka mbele. Hapo akatutoa mikono. Alisimama. Miguu ilikuwa imejaa ndani ya soksi kama unga kwenye mfuko, lakini ilisimama. Bikira wa Mugera alikuwa juu, naye na mtandio wake, na hawa wawili wakatazamana kama wanawake wanaokutana sokoni baada ya miaka na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

"Mama, nimerudi," alisema Mama Asha.

Sikujua anamwambia mama yupi. Nimeandika kurasa nyingi juu ya mambo haya.

Mumewe aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu kwenye sebule ya watu. "Amahoro," alisema, salamu ya amani ya kwetu. "Sisi ni wa Gasenyi. Ulipita kwetu mvua ikinyesha." Kisha akatazama huku na huku ni nani mwenye nyumba, akamwona yule msichana wa utepe, akampa mfuko wa karatasi. Ilikuwa kilo ya sukari.

"Ya nini, Mzee?"

"Ya jikoni."

Nilipogeuka nilimwona Prezidante. Alikuwa kwenye foleni ya jumuiya yetu, mita chache tu, rozari mkononi, na alikuwa ametuona. Kifua chake kilipanda. Nyumbakumi naye alimwona, na niliona bega lake likijikaza chini ya koti, kama mtu anayesubiri sindano. Prezidante aliweka kiganja mdomoni. Akakiacha hapo.

Yule msichana bado alikuwa ameshika sukari. Alitaka kuifanya iwe kitu cha kawaida, nadhani, kitu kinachoweza kutangazwa.

"Mumetoka parokia gani?" aliuliza.

"Nyumba ya saba," alisema Nyumbakumi.

"Saba ya wapi?"

Alinigeukia mimi. "Profesa, mwambie."

Kwa mara moja nilijibu kifupi.

"Inafuata yangu," nikasema.